Upinde wa mti wenye mafundo unakusumbua? Soma dalili kwanza ndo ushike kisu

Mti wa futi sita ulionyooka bila fundo hata moja huupati kirahisi huku kwetu, na ukiupata mwenyewe keshaupangia nguzo ya banda. Kinachobaki kwa sisi tunaochonga pinde ni mpera wa uani, ule ule tunaokatia panda za manati, au mkole wa porini wenye vitawi kila baada ya shubiri, au tawi lililoangushwa na watu wa umeme walipokuwa wanasafisha laini. Mafundo juu ya mafundo. Na ukiuliza utaambiwa huo mti haufai, tafuta mwingine.

Unafaa. Mara nyingi fundo lenyewe halina kosa lolote. Nyuzi za mti zikifika kwenye fundo hazikatiki, zinalizunguka kushoto na kulia kama maji ya mto yanavyozunguka jiwe, zikishalipita zinakutana tena mbele na safari inaendelea. Ukiziacha zizunguke upinde unadumu, ila ukija na randa unataka ukingo unyooke vizuri upendeze machoni umeshazikata, na uzi uliokatwa mgongoni ndo unaoinuka kuwa kibanzi, na kibanzi ndo kinavunja upinde. Halafu lawama inapewa fundo.

Tuelewane maneno manake watu wanayachanganya. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe ukivuta. Mikono ni ile miwili, wa juu na wa chini, katikati pana mshiko. Ukivuta, mgongo unavutika na tumbo linabanwa, kwa hiyo kosa la mgongoni linapasua na kosa la tumboni linakunjamana, ni magonjwa mawili na dawa zake mbili. Vipimo ntakavyotaja ni vya upinde wa mtu mzima wa kawaida: urefu inchi 66 mpaka 68, unavutwa inchi 28, nguvu ya kuvuta pauni 40 yaani kama kilo 18, upana inchi 2 karibu na mshiko halafu unapungua taratibu mpaka nusu inchi nchani. Mti ukiwa na mafundo mengi ongeza urefu, usiongeze nguvu. Na hapa naongelea kulenga shabaha tu, Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977 na Tanzania bila leseni ni kesi, usije ukasema nilikutuma.

Gogo limegoma kupasuka katikati, ufa umekimbilia pembeni

Sababu ni kwamba ufa unafuata nyuzi na nyuzi zimekwepa fundo. Usiendelee kugonga kabari ukitegemea utarudi wenyewe, hautarudi. Angalia nusu ipi imebaki nene, hiyo nene ndo uivute nje, iinamishe kwa mti mwingine wa kukandamizia, ufa utasogea kuelekea upande mnene. Ukikutana na nyuzi zinazovuka kutoka nusu moja kwenda nyingine zikate kwa panga au patasi, usizinyofoe kwa nguvu maana zikinyofoka zinaondoka na nyama ya mgongo.

Kama mti ni mwembamba, inchi 2 na nusu au 3 hivi, usipasue kabisa. Chonga upande mmoja tu kwa shoka au tezo mpaka ubaki upande wenye mafundo madogo kuwa mgongo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawahangaiki kupasua magogo, wanakata mti mwembamba mzima wa jamii ya Dombeya au mkole, wanaumenya, wanauchonga, na pinde zao ni ngumu kuvuta kuliko nyingi zinazouzwa madukani. Waata, wawindaji wa jadi wa upande wa Tsavo kule Kenya, nao walikuwa na pinde za kuvuta zaidi ya pauni 100, kwa hiyo mtu asikwambie miti yetu haitoi upinde.

Jambo moja hapa watu wanaliruka. Kabla hujachora umbo la upinde kwenye gogo, lichukue ulitembeze jua likilipiga, zungushia kila fundo kwa penseli, hata yale madogo kama punje ya mchele. Kisha sogeza mchoro wako juu na chini, kushoto na kulia, mpaka fundo baya kuliko yote liangukie kwenye mshiko, maana mshiko haupindi. Likishindikana hapo lisukume kwenye inchi 6 za mwisho karibu na ncha ambako pia mkunjo ni mdogo. Fundo katikati ya upana wa mkono ni nafuu, fundo kwenye ukingo kabisa ni balaa, kwa hiyo bora mchoro wako uwe na kakona kidogo kuliko uwe umenyooka na fundo limekatwa nusu ukingoni. Upinde wenye kona unapiga vizuri tu mradi kamba ipite katikati ya mshiko.

Linakauka huku linapasuka, nyufa zinaanzia kwenye mafundo

Hapa umekausha haraka. Miisho ya gogo inapoteza maji kabla ya katikati, na fundo ni kama tawi lililozikwa ndani ya mti, nalo linasinyaa kivyake. Siku ile ile unayokata paka miisho yote rangi ya mafuta au gundi ya mbao, nene kabisa, na kama umemenya gome paka na mgongo, hususan palipo na mafundo. Weka darini au chini ya kitanda, si juani, si juu ya bati. Nusu gogo linahitaji miezi kadhaa. Ukiwa na haraka lichonge kwanza likaribie umbo la upinde likiwa bichi, lifunge kwenye ubao mnyoofu lisijipinde, litakauka kwa wiki chache badala ya miezi.

Umeshapasuka tayari? Tazama ufa unaelekea wapi. Ufa unaokwenda na urefu wa mkono na kuishia ndani ya mkono hauna shida kubwa, jaza supa gluu ile ya maji maji, inazama yenyewe, ongeza mpaka isizame tena. Vijinyufa vya ndani ya fundo lenyewe vinavyotoka katikati kama miale navyo ni kawaida, jaza gluu endelea. Ila ufa unaotoka kwenye fundo ukaishia ukingoni, huo unakata nyuzi zote zilizoko kati ya fundo na ukingo, na hapo ama uwe na upana wa kutosha kuhamisha ukingo au gogo hilo lipe kazi nyingine.

Kujua limekauka usiguse kwa shavu kama wazee wa mbao, pima. Mizani ya jikoni au ile ya kuning'iniza mizigo inatosha, andika uzito juu ya gogo lenyewe kila wiki, uzito ukigoma kushuka basi limekauka kwa kiwango cha hewa ya hapo ulipo. Narudia, ya hapo ulipo. Hewa ya Dodoma na hewa ya Tanga au Mombasa si moja, upinde uliokaushwa Dodoma ukiupeleka pwani utakunywa unyevu ulegee kidogo, na wa pwani ukiupeleka bara wakati wa kiangazi utakaza na unaweza kuwa mkavu kupita kiasi ukavunjika bila onyo.

Kisu kinanyofoa vipande vikubwa karibu na fundo

Kabla ya kuuliza kisu kina nini, jiulize upo upande gani. Kama ni mgongoni, unatafuta nini huko? Maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya miti ya Marekani kama Osage, ambayo pete zake za mwaka, zile duara za ukuaji ndani ya mti, zinaonekana wazi, wanachonga mpaka wakutane na pete moja nzima ndo iwe mgongo. Mpera na mkole haikuonyeshi pete namna hiyo, ukianza kutafuta pete utamaliza mti. Kwetu mgongo ni ule ulaini unaoukuta mara tu baada ya kutoa gome, basi, hapo hapakatwi tena. Kata mti wakati wa mvua gome linavuka lenyewe kama soksi na mgongo unabaki msafi. Kata kiangazi gome linang'ang'ania, itabidi ulikwangue taratibu kwa kisu butu, na kuzunguka mafundo utumie ukucha na msasa zaidi kuliko chuma.

Pale penye fundo mgongo unainuka kidogo, kama kichuguu. Kiache. Kuna meli ya kivita ya Uingereza inaitwa Mary Rose, ilizama 1545 ikaja kuinuliwa 1982, ndani yake zilikutwa pinde zaidi ya 130 za mti unaoitwa yew, na mafundi wale waliacha mafundo yamevimba hivyo hivyo, hawakuyasawazisha. Hizo ni pinde za vita, walijua wanachofanya.

Kama unanyofoa tumboni au ukingoni, hapo ruhusa ya kuchonga unayo ila umeingia kwa mwelekeo mbaya. Nyuzi zinapanda kuelekea fundo upande huu na kushuka upande wa pili, kwa hiyo mwelekeo mmoja wa kisu hauwezi kufaa pande zote mbili. Inchi moja na nusu kabla ya fundo weka panga na randa chini, shika tupa ya mbao, sogea kidogo kidogo kutoka upande mmoja halafu geuza gogo uje kutoka upande wa pili. Ukikaribia kabisa tumia kipande cha kioo au ubapa wa kisu kukwangua, glovu mkononi. Kazi inaenda pole pole, hakuna njia ya mkato hapo.

Na ukingo uache uvimbe kidogo sambamba na fundo. Hesabu yake ni rahisi, ukitoa upana wa fundo, mbao nzima inayobaki kushoto na kulia kwa pamoja iwe sawa na upana wa mkono inchi mbili juu yake au chini yake. Fundo la nusu inchi, basi mkono uwe mpana zaidi kwa nusu inchi hapo.

Fundo limeoza, au limedondoka limeacha shimo

Kuna fundo hai na fundo mfu. Hai limeshikana na mti, rangi yake ni nzito kidogo, ukilichokoa kwa msumari halitoki. Mfu lina mstari mweusi wa gome kulizunguka, linatikisika au linatoa unga. Unga laini kama sembe maana yake kuna wadudu ndani, na wadudu hawaishii kwenye fundo, chungulia gogo zima kabla hujapoteza wiki nyingine.

La mfu litoe lote. Chimba kwa ncha ya kisu mpaka ukute mbao ngumu yenye rangi safi, usibakize uozo kwa kuogopa shimo kubwa, shimo safi ni bora kuliko uozo uliofunikwa. Likiwa tumboni liwekee kijiti cha mbao ngumu, chonga kiingie kwa kubana, gundi, kisha sawazisha, kwa kuwa tumbo linabanwa kile kijiti kitasaidia kubeba. Likiwa mgongoni ukijaza vumbi la mbao na gundi jaza kwa ajili ya kuzuia maji na kwa ajili ya macho tu, haliongezi nguvu hata kidogo, kitakachokuokoa ni upana wa pembeni niliousema hapo juu. Shimo lililotoboka mgongo mpaka tumbo linatisha kulitazama lakini linaishi vizuri kama pembeni pana nyama.

Mkono unakunjika kama goti pembeni ya fundo

Hili ndo tatizo namba moja la pinde za mafundo na ndo linaloua pinde nyingi, kwa hiyo tulia hapa.

Unachokiona ni hivi: umefunga kamba ndefu, umeweka mshiko juu ya ubao wa kuvutia upinde, wenye meno kila inchi ya kunasia kamba, umevuta kidogo, umerudi nyuma kutazama. Mkono wa kushoto unakunjika mviringo mzuri. Wa kulia kuna sehemu imenyooka kabisa kama rula halafu baada yake ghafla unavunja kona. Ile sehemu iliyonyooka ni fundo. Goti liko jirani yake.

Kosa la kawaida ni kulifuata fundo, mtu anasema hapa pamekaza ngoja nipunguze ili napo papinde. Anakwangua tumbo pale pale kwenye fundo, fundo linakonda, siku linapokubali kupinda ndo siku linapopasuka. Fundo halitakiwi kupinda. Libaki gumu, na mkunjo wote ugawane sehemu nyingine. Kosa la pili ni kinyume chake, kwenye fundo alipaogopa akapaacha panene halafu akateremka ghafla pembeni yake, na pale alipoteremka ndo goti lilipozaliwa.

Dawa ni kulainisha mteremko. Kutoka kilele cha fundo mpaka unene wa kawaida wa mkono tumia angalau inchi 3 kila upande, teremka polepole hata kidole kisisikie ngazi. Funga macho pitisha kidole gumba tumboni na cha shahada mgongoni kutoka mshiko mpaka ncha, vidole vinaona ngazi ambayo macho hayaioni.

Goti lenyewe usiliguse tena. Hata kidogo. Hata msasa. Chukua penseli andika X kubwa hapo, na ukwangue kila mahali pengine pa mkono huo mpaka sehemu nyingine zilifikie goti. Na mkono wa pili nao utabidi upungue ufanane, kwa hiyo nguvu ya upinde itashuka, ulitaka pauni 40 utapata 32, kubali. Upinde wa pauni 32 unaopiga ni bora kuliko wa 40 ulioko jikoni kama kuni.

Kuna kifaa kidogo cha kujitengenezea kinachosaidia sana. Chukua kipande cha mbao nyoofu cha inchi 6, toboa tundu katikati, chomeka penseli ibane. Upinde ukiwa umekunjwa kwenye ubao, laza kipande hicho tumboni mahali panapopinda zaidi, shusha penseli ikaribie kugusa lakini isiguse. Sasa kitembeze mkono mzima. Panapopinda vizuri penseli inaelea, panapokaza penseli inachora. Palipochorwa ndo pa kukwangua. ILA kwenye fundo penseli itachora tu kwa sababu pana kivimbe, michoro hiyo ipuuze, na usipoipuuza umerudi kwenye kosa la kwanza.

Mwendo wa kukwangua: kwangua kidogo, mara tatu nne tu, kisha vuta upinde mara 20 au 30 mpaka pale ulipofikia awali, si zaidi, ndo utazame tena. Mbao haionyeshi mabadiliko mpaka ifanyishwe mazoezi. Watu wanakwangua, wanatazama, hawaoni tofauti, wanakwangua tena, wanavuta, goti. Na usivute kamwe kuzidi ile nguvu unayoitaka mwisho hata kama bado hujafika inchi 28, mizani ya kuning'iniza iwe kwenye kamba muda wote ikikuchunga.

Mkono unajipinda kama parapela

Ukitazama kutoka nchani tumbo halitazami upande mmoja na mshiko, limegeuka. Mara nyingi fundo limekaa upande mmoja wa mkono na kuukaza upande huo, upande wa pili dhaifu ukivutwa unakunjika zaidi na mkono unageuka. Kwangua ukingo ulio mgumu, kidogo, lakini nyuma na mbele ya fundo, si fundoni.

Kama mpindo upo hata kabla ya kufunga kamba basi ni wa asili, unyooshe kwa joto. Mkaa usiotoa ndimi, paka mafuta ya kupikia mahali hapo ili pasiungue, pasha mpaka pashikike kwa shida kwa mkono mtupu, geuza kwa taratibu, funga kwa klampi au kamba za mpira za baiskeli mpaka papoe kabisa. Usipashe fundo lenyewe, pasha nyama safi iliyo karibu, fundo likipata moto mkali linapasuka miale. Na usifunge kamba ya upinde siku hiyo, joto limefukuza unyevu, uache upumzike siku kadhaa unywe hewa.

Mpindo mdogo achana nao. Kamba ikipita juu ya mshiko bila kukimbia pembeni, upinde uko salama, ncha ikikaa kando kidogo unaweza kuchimba pengo la kamba la upande mmoja zaidi ya jingine kamba ikasogea.

Tumboni yametokea makunyanzi

Mistari myembamba inayokata tumbo kwa mlalo, inaonekana vizuri ukilowesha kidole ukapitisha. Hapo mbao imebanwa kuliko inavyoweza, ikajikunja. Karibu kila mara yapo kwenye goti, au ukingoni mwa fundo mfu lililoachwa bila kuchimbwa. Kuyaziba hakuna maana, makunyanzi hayaponi, unachoweza ni kuyaondolea mzigo, yaani sehemu nyingine zote zipungue zipinde zaidi, na upinde uvutwe inchi 26 badala ya 28. Yakiwa mawili matatu mafupi upinde unaweza kupiga miaka. Yakizunguka mkono kutoka ukingo hadi ukingo, hapo umeisha.

Umesikia "tik"

Simama. Usivute tena hata ya kuhakikisha. Rudisha kamba taratibu, ivue, na kama hukuwa umevaa miwani vaa sasa. Kuanzia hapa usivute upinde ukiwa umeuelekeza usoni mwako, tumia ubao na kamba kwa kapi ili wewe uwe mita mbili mbali, mkono wa upinde ukikatika unaruka na ncha yake haichagui jicho.

Pitisha kipande cha pamba au soksi ya nailoni mgongoni kutoka mshiko mpaka ncha, halafu kurudi. Itanasa mahali. Pale iliponasa kuna kibanzi kimeinuka, mara nyingi kinaanzia ukingoni pembeni ya fundo, pale pale ukingo uliponyooshwa. Kibanzi kifupi chembamba kinatibika: tia supa gluu chini yake, kibane, kikikauka zungushia uzi, uzi wa katani au wa kushonea viatu, mizunguko iliyokaribiana kuanzia inchi moja kabla mpaka inchi moja baada, ukiwa umelowa gundi ya mbao. Kano za ng'ombe ni bora zaidi, machinjioni zipo, unakausha, unaziponda kwa nyundo mpaka zitoke nyuzi, unalowesha kwa maji ya uvuguvugu na kuzungushia, zikikauka zinabana zenyewe.

Mafundo yakiwa mengi mgongoni na una wasiwasi, usisubiri tik. Bandika mgongo mzima ngozi mbichi ya mbuzi iliyonyolewa manyoya, nyembamba, ilowe mpaka iwe laini, gundi ya mbao, funga kwa bandeji kuanzia katikati kwenda nchani, acha siku tatu nne. Ngozi haiongezi nguvu ya maana ila inashikilia vibanzi visiinuke. Ikiwa mgongo ulishakatwa vibaya ngozi inachelewesha tu, haiponyi.

Tik iliyotoka ndani ya fundo bila kibanzi kuonekana ni mtego. Weka tone la rangi au wino kwenye fundo, futa, ufa utabaki na mstari wa rangi. Kama umebaki ndani ya fundo, gluu na uzi. Kama umetoka nje ya fundo kuelekea ukingoni, soma tena kule kwenye kukausha.

Ukivua kamba upinde haurudi kunyooka

Umelala inchi moja, yaani umebaki umepinda kiasi hicho, ni kawaida kwa mti kama mpera. Inchi 3, ulikuwa haujakauka, au umeukalisha umefungwa kamba usiku kucha wakati bado unaufanyia kazi. Angalia umelala wapi: kama ni mkono mzima kwa usawa shida ni unyevu, kama ni sehemu moja ni goti lililojificha. Ukaushe tena, usiukunje kinyume kwa nguvu, na hasa si kwenye fundo.

Umevunjika kabisa

Usitupe vipande kabla ya kuvisoma. Mpasuko mrefu wenye vibanzi virefu ulioanzia mgongoni, nyuzi zilikatwa, tafuta ukingo ulionyooshwa karibu na fundo. Mpasuko mfupi uliokatika kama biskuti, mbao ilikuwa imeoza ndani au kavu mno, tazama rangi yake, kijivu na madoa ya kuvu ni uozo. Umekatika katikati ya fundo na ndani kuna gome jeusi, hilo lilikuwa fundo mfu lililopita bila kuchunguzwa. Umevunjika inchi mbili kutoka fundoni na fundo lenyewe zima, ni goti, na mara nyingi ukitazama tumbo utakuta makunyanzi yalikuwepo kitambo.

Upime unene wa mkono ule mzima kila baada ya inchi 4 uandike kabla haujapotea, kwa mti wa aina hiyo hiyo utaanzia hapo ukiacha nafasi juu kidogo, na kipande chenyewe cha inchi thelathini na kitu kinatosha upinde wa mtoto, kama mafundo yake ni hai.